Jua Haki Zako: Utoro wa Mtoto ni Taarifa, na Sheria Inataka Ifanyiwe Kazi

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haisubiri mtoto avunjwe mkono ndipo ianze kumlinda. Wananchi wengi wanaifahamu kwa sura yake ya mwisho tu, yaani mshitakiwa yuko kizimbani, daktari anatoa ushahidi na hakimu anasoma hukumu. Lakini sehemu kubwa ya sheria hiyo imeandikwa kwa ajili ya miezi ya kabla ya hapo, wakati mtoto bado yuko nyumbani, bado ana jina kwenye rejesta ya shule, na bado inawezekana kumsaidia bila kumtenga na watu wake. Hoja ya safu hii ni kwamba katika miezi hiyo, ishara iliyo wazi na rahisi kuonekana kuliko zote ni mahudhurio ya shule. Mtoto anayeanza kukosa masomo bila sababu inayoeleweka anatoa taarifa, hata kama hajafungua kinywa. Sheria inamtaka mzazi, mwalimu, jirani na ofisi ya serikali ya mtaa waifanyie kazi taarifa hiyo mapema. Yanayoelezwa hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto, Na. 6 ya mwaka 2011.

Tuanze na haki yenyewe. Kwa mujibu wa sheria, mtoto ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na katika uamuzi wowote unaomhusu, maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Kifungu cha 8 kinampa mzazi au mlezi wajibu wa kumtunza, yaani kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Kifungu cha 9 kinaongeza wajibu wa kumkinga na utelekezwaji, ukatili na mazingira ya hatari. Sheria ya Elimu nayo inataka mtoto aliyefikia umri wa kuandikishwa apelekwe shule ya msingi, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Kwa hiyo elimu imewekwa kwenye orodha moja na chakula na dawa. Mzazi anayemwachisha mtoto shule ili achunge ng'ombe au auze karanga stendi anavunja wajibu wa kisheria, sawa na yule anayemnyima matibabu. Anayekiuka masharti haya ya Sheria ya Mtoto anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili.

Kwa nini basi tuyape mahudhurio uzito mkubwa kiasi hicho? Kwa sababu mambo mengi yanayomuumiza mtoto hufanyika nyuma ya mlango uliofungwa, ilhali kukosekana kwake darasani kunaonekana na kuandikwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kwa wavulana alikuwa takriban 1 katika kila 7. Karibu robo tatu ya vijana wote walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili kwa namna nyingine. Wengi wa waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakumweleza mtu yeyote. Tukikubali kwamba watoto wengi hawasemi, tunapaswa pia kukubali kwamba kusubiri waseme ni kuwaacha peke yao. Utoro ni mojawapo ya mambo machache yanayoweza kutuonyesha mapema kwamba kuna jambo. Huenda mtoto anamuuguza mama, huenda analala njaa, huenda njia ya shule ina mtu anayemvizia, au ameshapata ujauzito na anaogopa. Sababu hizi hazifanani, lakini zote huandikwa kwa alama ileile kwenye rejesta.

Wapo watakaopinga kwamba utoro ni utukutu, na dawa ya utukutu inajulikana. Ni kweli kwamba wapo watoto wanaotoroka ili wakacheze, na hakuna anayedai kila anayekosa kipindi amefanyiwa ukatili. Tatizo la jibu hili ni kwamba linatoa adhabu kabla ya kuuliza swali. Mtoto aliyekosa shule kwa sababu ya njaa, akirudi akachapwa, anajifunza kwamba shule nayo ni mahali pa kuogopa, na kesho yake haji kabisa. Sheria haimpi mwalimu uhuru huo usio na mipaka. Kifungu cha 13 kinakataza mateso na adhabu za kudhalilisha, na kinasema hakuna adhabu ya kumrekebisha mtoto inayokubalika iwapo imepita kiasi ukilinganisha na umri wake na hali yake ya mwili na akili. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni za mwaka 2002 zimeweka ukomo wa viboko 4, vinavyotolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa makosa makubwa tu, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mzazi ana haki ya kuuliza nani alimchapa mwanawe, kwa kosa gani, na imeandikwa wapi. Na kabla ya hayo yote ana haki ya kuuliza kama kuna aliyemwuliza mtoto kwa nini hakuja.

Kifungu ambacho kila mwananchi anapaswa kukifahamu ni cha 95. Kinasema mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi, mlezi au ndugu anayeishi naye ana uwezo lakini anakataa au anapuuza kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu au nafasi ya kucheza, ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Maneno mawili hapo yana uzito. La kwanza ni «taarifa». Hutakiwi kuwa mpelelezi, wala kukusanya vithibitisho vya kumtia mtu hatiani. Ukijua kwamba mtoto wa nyumba ya pili hajaenda shule kwa wiki tatu na anaonekana akifua nguo za watu, unayo taarifa. La pili ni «wajibu». Sheria haikuombi fadhila. Kwa walimu, wahudumu wa afya na watumishi wengine wanaofanya kazi na watoto, kanuni za ulinzi wa mtoto zilizotungwa chini ya sheria hii zinawabana zaidi, kwa sababu wao ndio wanaomwona mtoto kila siku.

Hapa ndipo inapokuja hoja kongwe, kwamba mambo ya ndani ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Hoja hii inastahili jibu la heshima, kwani familia inalindwa na sheria na hakuna anayetaka mitaa iliyojaa wachongezi. Lakini heshima ya faragha ya mzazi ni yake, na mwili wa mtoto si mali yake. Zaidi ya hayo, malezi ya kwetu hayajawahi kuwa ya mlango uliofungwa. Waliotuambia kwamba mkono mmoja haulei mwana walikuwa wanaeleza jinsi shangazi, babu na majirani walivyokuwa na sauti katika makuzi ya mtoto. Kifungu cha 95 kimeipa sauti hiyo mahali rasmi pa kusikilizwa, ili isiishie kwenye minong'ono ya kisimani. Kama unaogopa kujulikana, yapo mapito mengine. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuitumia.

Hofu nyingine, na hii huwazuia hata watu wenye nia njema, ni kwamba taarifa moja itampeleka baba gerezani na watoto kituoni. Ukisoma sheria kwa utaratibu wake, utaona hatua ya kwanza ni mazungumzo. Afisa ustawi wa jamii anaweza kumwita mzazi anayelalamikiwa, wakajadiliana, na uamuzi ukafanywa kwa maslahi ya mtoto. Mzazi akikaidi, ndipo jambo hupelekwa mahakamani. Hata kwa mtoto anayeangukia kwenye orodha ya kifungu cha 16, yaani yatima, aliyetelekezwa na ndugu zake, mtoto anayezurura bila makazi, anayeombaomba, anayepuuzwa au kuteswa na anayemlea, Mahakama ya Watoto inaweza kutoa amri ya uangalizi inayomwacha akae nyumbani huku afisa akimfuatilia. Kumwondoa mtoto kwao ni hatua nzito inayochukuliwa pale anapokuwa kwenye madhara makubwa. Ukweli ni kwamba kuchelewa ndiko kunakoleta hatua nzito. Familia iliyofikiwa katika mwezi wa kwanza wa utoro huhitaji mazungumzo na msaada. Iliyofikiwa baada ya mwaka mzima wa kipigo huhitaji polisi. Pale ambapo tayari kuna kipigo, ubakaji au ulawiti, usipitie vikao vya usuluhishi. Nenda moja kwa moja kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, na mtoto apelekwe hospitali upesi kabla ya kuogeshwa.

Pengine pingamizi lenye uchungu zaidi ni la umaskini. Mama anayeuza maandazi na kulea watoto watano atauliza kama sheria inataka kumwadhibu kwa kutokuwa na fedha. Haitaki. Kifungu cha 95 kinamlenga anayeweza na akakataa. Kwa asiyeweza, kifungu cha 94 kinaigeuzia wajibu mamlaka ya serikali za mitaa, inayotakiwa kulinda na kukuza ustawi wa watoto katika eneo lake. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na kidato cha tano na cha sita vikafuata mwaka 2022. Michango ya chakula na mingineyo bado ipo, lakini msimamo wa serikali ni kwamba mwanafunzi asifukuzwe kwa sababu mzazi wake ameshindwa kuchanga. Kaya maskini sana inaweza kuomba kutambuliwa katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Na pale ambapo umaskini wa mama umetokana na baba aliyeondoka, sheria inaruhusu maombi ya matunzo dhidi ya baba huyo mahakamani. Maombi hayo yanaweza kuletwa na mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima anayemwakilisha.

Haki hii haimwachi nyuma aliyekwisha kutoka shule. Msichana aliyepata ujauzito alizuiwa kwa miaka mingi kurudi kwenye shule ya serikali, lakini Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwaruhusu walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurejea. Mkuu wa shule anayemkataa anakwenda kinyume na maelekezo hayo. Aliyempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 chini ya marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Mtoto aliyekosa kuandikishwa kwa wakati anaweza kusoma kupitia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Mwenye ulemavu ana haki ya elimu jumuishi chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kumficha ndani ni kumnyima haki hiyo. Mtoto anayefanya kazi pia analindwa. Umri wa chini ni miaka 14, iwe kazi nyepesi isiyozuia masomo, na isiwe kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Msomaji aliyewahi kuzungushwa maofisini atasema yote haya ni mazuri kwenye karatasi, na kwamba maafisa ustawi ni wachache na taarifa hulala mezani. Hilo ni kweli katika maeneo mengi, na serikali ina deni la kuajiri. Lakini upungufu huo ni sababu ya kutoa taarifa kwa namna isiyoweza kupuuzwa. Peleka barua, usiishie kwenye maneno. Andika jina la mtoto, umri, shule na darasa, tangu lini hahudhurii, ulichokiona wewe mwenyewe, na tarehe. Mpe mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama kimya kinaendelea, ipeleke nakala hiyo kwa mtendaji wa kata na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ikibidi, waone watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huwahudumia bure wasio na uwezo wa kulipa wakili. Kamati za shule nazo zianze kudai kwamba mtoto akikosa siku kadhaa mfululizo, nyumbani kwao pafikiwe, na mahudhurio yawe ajenda ya kila kikao.

Mzazi, ukiitwa shuleni kuhusu utoro wa mwanao, nenda hata kama unaona aibu, na ueleze kinachokukwamisha, kwa kuwa hapo ndipo msaada unapoanzia kisheria. Mwalimu, uliza kwanza, na jibu likikutia shaka, ripoti. Jirani, ukimwona mtoto mtaani saa nne asubuhi siku ya shule, kwa wiki ya pili mfululizo, unajua cha kutosha kuingia ofisi ya mtendaji. Huendi kumshitaki mtu. Unatimiza wajibu uliopewa na kifungu cha 95, na ofisi hiyo nayo ina wajibu wake wa kukusikiliza na kuchukua hatua.