Kompyuta Katika Karakana ya Nyumbani: Ianze na Hesabu ya Gharama

Karakana ya nyumbani ni tegemeo la kaya nyingi. Nyuma ya nyumba au chini ya kibanda cha bati hutengenezwa vitanda, makabati, milango na madirisha ya chuma. Miaka ya karibuni, kompyuta zilizotumika zimeanza kuingia katika karakana hizo, lakini aghalabu huishia kupiga muziki na kuonyesha filamu. Makala haya yanaeleza kazi nne ambazo kompyuta ya kawaida inaweza kumfanyia seremala au fundi chuma, programu zisizolipiwa zinazofaa kwa kazi hizo, na namna ya kuilinda kompyuta dhidi ya vumbi na umeme.

KAZI YA KWANZA: KUJUA GHARAMA HALISI

Hasara ya karakana ndogo ni ngumu kuonekana. Fundi huuza kabati, hupokea fedha, hununua mbao nyingine, na huamini kuwa amepata faida kwa sababu fedha zimepita mkononi mwake.

Uchukuliwe mfano wa kabati linalouzwa shilingi 260,000. Plaiwudi na mbao ni shilingi 150,000. Bawaba, skrubu, gundi na vanishi ni 35,000. Umeme na msasa ni 10,000. Usafiri ni 15,000. Na ujira wa msaidizi kwa siku 3 ni 45,000. Jumla ni shilingi 255,000. Fundi mwenyewe, aliyefanya kazi kwa siku hizo 3, anabaki na shilingi 5,000. Asipoandika, hatajua kamwe kwa nini kazi ni nyingi na mtaji haukui.

Programu inayofaa hapa ni LibreOffice Calc, ambayo hupatikana bila malipo na hufanya kazi bila intaneti ikishapakiwa. Chimbuko lake ni OpenOffice, programu ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Jedwali la kuanzia lina safu nne tu: safu A ni jina la kifaa, B ni idadi, C ni bei ya kimoja, na D ni gharama. Katika kisanduku D2 huandikwa =B2*C2, kisha kanuni hiyo hunakiliwa kwenda chini. Vifaa vikiishia mstari wa 9, katika D10 huandikwa =SUM(D2:D9), na jumla hujitokeza yenyewe. Bei ya plaiwudi ikipanda, fundi hubadilisha tarakimu moja tu na kuona papo hapo bei mpya ya kumtajia mteja. Ujira wa fundi mwenyewe nao uwe na mstari wake. Asiyejihesabia ujira hawezi kujua faida yake.

KAZI YA PILI: KUPANGA UKATAJI

Ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4 una milimita 2,440 kwa 1,220. Kwa hesabu ya kichwa, urefu huo unatoa vipande 4 vya milimita 610 bila kubakiza kitu. Lakini msumeno nao hula mbao. Ukila milimita 3 kila unapopita, mikato 3 itakula milimita 9, na kipande cha nne kitakuwa kifupi kwa kiasi hicho. Ili vipande 4 vipatikane sawasawa, kila kimoja kisizidi milimita 607. Jedwali lenye safu ya upana wa msumeno humwonya fundi kabla ubao haujakatwa.

Kwa fundi chuma, mpangilio wa kukata huamua idadi ya mabomba ya kununua. Kazi inahitaji vipande 8 vya milimita 1,300 na 2 vya milimita 750, na kila bomba lina mita 6. Akianza na vipande vifupi, bomba la kwanza litatoa vile 2 vifupi na virefu 3, la pili litatoa virefu 4, na atalazimika kununua la tatu kwa ajili ya kipande kimoja. Akianza na virefu, kila bomba litatoa virefu 4, na masalio yake yatatosha kipande kimoja kifupi. Kazi itakamilika kwa mabomba 2.

KAZI YA TATU: KUCHORA KABLA YA KUTENGENEZA

Mabishano mengi kati ya fundi na mteja hutokana na makubaliano ya mdomo. Mteja alikusudia kabati la milango mitatu. Fundi alielewa miwili. Mchoro wenye vipimo, uliosainiwa na pande zote mbili kabla ya malipo ya awali, huzuia ugomvi huo.

LibreCAD inafaa kwa michoro bapa yenye vipimo, na haihitaji kompyuta yenye nguvu kubwa. Sweet Home 3D humwezesha mteja kuona samani ndani ya chumba chenye vipimo vya chumba chake. FreeCAD huchora vitu vya pande tatu, ingawa huhitaji muda wa kujifunza na kompyuta yenye uwezo zaidi. Inkscape inafaa kwa mapambo na vielelezo vya mikunjo, kama mgongo wa kiti. Programu zote hizi hazilipiwi.

Kielelezo kinapochapishwa kwenye karatasi ili kibandikwe juu ya mbao, uchorwe pia mstari wa milimita 100 pembeni yake. Baada ya kuchapa, mstari huo upimwe kwa rula. Ukipungua au kuzidi, printa imebadilisha ukubwa wa mchoro, na mbao isikatwe hadi kasoro hiyo irekebishwe.

KAZI YA NNE: KUTUNZA KUMBUKUMBU

Mauzo, manunuzi, madeni ya wateja na picha za kazi zilizokamilika zihifadhiwe katika folda zilizopangwa kwa mwezi. Kumbukumbu hizo zina thamani nje ya karakana. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo huombwa kwa andiko la mradi, na kikundi cha mafundi chenye mauzo yaliyoandikwa kina cha kuweka ndani ya andiko hilo badala ya makisio.

Kila Ijumaa, nakala ya folda zote iwekwe kwenye flashi inayotunzwa ndani ya nyumba, mbali na karakana. Kompyuta ikiibiwa au kuharibika, kumbukumbu zitabaki.

KUCHAGUA NA KUILINDA KOMPYUTA

Kompyuta mpakato iliyotumika inatosha, kwa kuwa betri yake huokoa kazi umeme unapokatika. Ni vyema mnunuzi afahamu kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Mashine hizo zinaweza kuwekewa Linux Mint toleo la Xfce, mfumo endeshi usiolipiwa, iwapo zina angalau gigabaiti 2 za RAM. Zikiwa 4 ni bora zaidi. Programu zote zilizotajwa hapo juu hufanya kazi ndani yake. Programu za kulipia zilizovunjwa ulinzi ziepukwe: ni kinyume cha sheria ya hakimiliki, na mara nyingi hubeba virusi vinavyofuta mafaili.

Vumbi la mbao huziba feni, na kompyuta hupata joto kupita kiasi. Vumbi la chuma ni hatari zaidi, kwa kuwa hupitisha umeme na linaweza kuunguza saketi. Kompyuta ikae chumba kingine au ndani ya kabati lenye mlango wakati mashine zinafanya kazi. Isifunikwe kwa kitambaa ikiwa imewashwa, na isichomekwe kwenye ekstensheni moja na mashine ya kuchomelea, kwa sababu mashine hiyo huyumbisha umeme.

PA KUANZIA

Fundi asijaribu mambo yote kwa wakati mmoja. Mwezi wa kwanza aandike gharama za kila kazi, hata kama ni tatu tu, na alinganishe jumla na bei aliyouzia. Mwezi wa pili aanze kupanga ukataji, na michoro ifuate. Mafunzo ya ufundi hutolewa na vyuo vya VETA, na ushauri kwa viwanda vidogo hutolewa na SIDO. Kuhusu mikopo ya vikundi, mafundi wafike katika ofisi ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao wakiwa na kumbukumbu zao mkononi.