Dondoo muhimu: Mwanariadha, virusi na chanjo

Ukiugua. Mafua ya puani pekee, bila homa, hayazuii mbio nyepesi. Homa, kikohozi cha kifuani, mwili kuuma au kuhara: pumzika. Wapo makocha wanaosema ugonjwa hutolewa kwa jasho. Usiwasikilize. Virusi vinaweza kushambulia msuli wa moyo, na mazoezi makali wakati huo huweza kuuvuruga mdundo wake, hata kuua ghafla.

Dengi, ambayo Dar es Salaam na Mombasa zinaijua vizuri, ina mtego wake: usimeze aspirini wala ibuprofeni, maana huongeza hatari ya kuvuja damu. Tumia parasetamoli, kwa kipimo sahihi.

Kurudi uwanjani. Subiri homa ikatike bila dawa. Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hujainuka kitandani. Yakizidi kawaida yako, bado. Tembea kwanza, kisha kimbia polepole. Mazoezi ya kasi yaje mwisho. Ukipata maumivu ya kifua, kuzimia au moyo kwenda mbio bila sababu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Chanjo. Mkono kuuma na homa ndogo ya siku moja au mbili ni kawaida, kwa hiyo usichanjwe mkesha wa mashindano. Chanjo ya homa ya mafua huhitaji wiki 2 hivi kujenga kinga. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Unayekwenda kushindana nje, chanjwa mapema.