Kabla Bati la Zamani Halijafunguliwa: Haki Zako Unapopaua Vyumba vya Nyongeza

Ukuta husubiri. Ndiyo maana hapa Karatu, kuanzia Rhotia hadi Oldeani, utayaona maboma yaliyokaa msimu baada ya msimu, majani yameota juu ya lenta, mwenyewe bado anatafuta fedha. Paa halina subira hiyo. Mbao zikishapanda, bati lazima lifuate, na fedha ambayo ukuta uliimeza kwa miaka paa linaimeza kwa wiki moja.

Anayeongeza vyumba kwenye nyumba anayokaa yuko pabaya zaidi kuliko anayejenga upya. Ili kenchi mpya zishikane na za zamani, fundi hufungua sehemu ya paa ambalo chini yake watoto wanalala. Tangu saa hiyo yeye ndiye mwenye nguvu. Akisema ufundi umepanda, utaongeza. Akiondoka kwenda kupaua kwa mtu mwingine Mto wa Mbu, utampigia simu kwa sauti ya kubembeleza. Kwa hiyo jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: haki zako za paa zitengeneze kabla bati la zamani halijafunguliwa.

Wengi huamini kwamba bila karatasi ya mwanasheria hakuna mkataba. Si kweli. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 10, inayatambua makubaliano ya watu wenye akili timamu na umri halali, waliokubaliana kwa hiari juu ya jambo halali lenye malipo. Mliyokubaliana kwa mdomo mbele ya kibanda cha mbao yanakubana wewe na yanambana fundi. Tabu ni kuyathibitisha, kwa sababu mkikosana kila mmoja atakumbuka bei yake. Karatasi moja ya daftari, imeandikwa kwa Kiswahili, imesainiwa na nyote wawili na mashahidi wawili, inatosha kabisa. Usione haya kumwomba fundi asaini. Fundi mzuri naye anaihitaji, maana wapo wenye nyumba wanaomaliza kupauliwa halafu simu zao hazipatikani.

Uandike nini? Majina na namba za simu, bila shaka, na gharama ya ufundi. Lakini usiandike tu “kupaua vyumba viwili”. Andika vipimo vya mbao za kenchi na za papi, kama zimetiwa dawa au la, aina na geji ya bati, nani ananunua misumari na kofia, na nani anasafirisha. Kisha andika kwa kirefu kuhusu kiungo, pale paa jipya linapokutana na la zamani. Ugomvi mwingi wa vyumba vya nyongeza huanzia hapo. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji yanashuka ukutani, na fundi anasema, “Mama, hilo bati lenu la zamani lilikuwa limeoza, mimi sihusiki.” Mzuie mapema. Kabla hajapanda, mlikague paa la zamani pamoja na mpige picha. Kwenye karatasi iandikwe kwamba kuziba kiungo ni sehemu ya kazi yake, na kwamba atarudi kurekebisha bila malipo kikivuja ndani ya muda mtakaokubaliana. Mimi ningetaka muda huo upite masika nzima, yaani Machi hadi Mei, kwa sababu kiangazi cha Karatu hakiwezi kukuonyesha tundu.

Tarehe nayo iwe wazi. Kifungu cha 73 cha sheria hiyohiyo kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara inayotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea. Hapo kwenye kujua ndipo watu wanapopoteza. Kama vyumba hivyo unataka kuwapangisha madereva na waongoza watalii kuanzia Juni, mwambie fundi leo na liandikwe. Usipomwambia, ni vigumu baadaye kumdai kodi uliyoikosa. Mnaweza pia kupanga kabisa kiasi atakacholipa kwa kuchelewa. Kifungu cha 74 kinaruhusu, ila mahakama itakupa fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho, kwa hiyo usiandike mamilioni ya kutisha kwa kazi ya laki chache.

Sheria inakudai na wewe. Bati zikichelewa kwa sababu hujalipa dukani, kuchelewa huko si kwa fundi. Na akikutelekeza paa likiwa wazi, huruhusiwi kukaa ukitazama godoro na makochi yanalowa kisha udai bei yake yote. Mahakama huangalia ulifanya nini kupunguza hasara. Nunua turubai, funika, tafuta fundi mwingine, tunza risiti. Gharama hizo ndizo utakazomdai.

Malipo yafuate kazi. Kidogo cha kuanzia, sehemu nyingine kenchi zikisimama, nyingine bati likikamilika, na kiasi cha maana kibaki mpaka mvua ipige. Lipa kwa simu kila inapowezekana, maana ujumbe wa muamala una tarehe, jina na kiasi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo kupokewa kama ushahidi. Ukitoa taslimu, asaini alichopokea.

Dukani kuna haki nyingine. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na wapo wanaouza geji 30 kwa bei ya geji 28 kwa sababu mteja hawezi kutofautisha kwa macho. Kwenye upepo wa huku juu, bati jembamba hung'oka. Taka risiti ya mashine ya EFD yenye maelezo ya bidhaa yenyewe: geji, rangi, urefu, idadi. Kudai risiti ni wajibu wako kisheria, na karatasi hiyo ni kinga yako pia, kwa kuwa chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane nayo. Isipolingana unaweza kuikataa, mradi ufanye hivyo mapema. Kagua bati kabla hazijapigwa misumari. Na mbao nunua kwa mwenye leseni, uhakikishe mzigo una hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mbao za njia za panya zikikamatwa na maofisa wa misitu wa TFS, hasara ni yako.

Kibali sasa. Ndani ya eneo la mipango miji, na mji wa Karatu umo, kuongeza vyumba ni uendelezaji wa ardhi, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka idhini kabla ya kuanza. Kusema “nyumba ilikuwapo” hakutoshi. Nenda ofisi ya ardhi na mipango miji ukiwa na mchoro wa nyongeza na ushahidi wa umiliki. Vijijini anzia kwa mtendaji wa kijiji, uulize sheria ndogo za halmashauri zinasemaje. Mchoro uonyeshe pia maji ya paa yatamwagikia wapi. Paa linalomwaga maji kwenye ukuta wa jirani ni kesi ya miaka.

Ukivuka geti la Loduare, la kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro, mambo yanabadilika kabisa. Wilaya ya Ngorongoro si eneo moja kisheria. Tarafa za Loliondo na Sale ziko nje ya Hifadhi. Tarafa ya Ngorongoro iko ndani, chini ya sheria iliyoanzia mwaka 1959, na huko ujenzi unahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kibali cha maneno cha kiongozi wa kijiji hakitakulinda. Aprili 2021 Mamlaka ilitoa notisi za siku 30 kutaka majengo yaliyodaiwa kukosa kibali yabomolewe, yakiwamo ya huduma za jamii. Baada ya kilio kikubwa notisi zile zilisitishwa, lakini hofu haikuondoka. Inaniuma kwamba familia ambazo wazee wao walihamishwa kutoka Serengeti zinaishi na hofu hiyo kwa sababu ya bati. Kwa hiyo omba ruhusa kwa maandishi, hata kama ni kubadilisha nyasi kuwa bati tu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi pia. Usinunue mabati kwanza ukitegemea kuruhusiwa langoni.

Notisi ya kubomoa ikija, iwe ya Hifadhi au ya halmashauri, usiichane na usijifiche. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inakupa haki ya kusikilizwa. Jibu kwa barua kabla muda haujaisha, uambatanishe kila hati uliyo nayo. Kuishtaki Serikali na taasisi zake kunahitaji notisi ya siku 90 na kufungua shauri Mahakama Kuu, kwa hiyo muone wakili mapema. Wakati siku hizo zinahesabika, anaweza kuomba amri ya muda ya kuzuia ubomoaji. Huna fedha? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili yako. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya itakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria.

Kina mama, neno moja kwenu. Nyumba aliyokuwa nayo mume kabla ya ndoa huhesabiwa kwenye mgawanyo wa mali ndoa ikivunjika, kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa kwa jasho lako au lenu wote. Hicho ni kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ukitoa fedha za kitunguu cha Mang'ola kununua bati, risiti iandikwe jina lako.

Na fundi akikimbia na fedha? Wengi hukimbilia polisi. Polisi ni pa kwenda kama ameuza bati zako, huo ni wizi, au kama alichukua fedha kwa udanganyifu tangu mwanzo. Fundi aliyeanza kazi akaiacha, au aliyepaua vibaya, kwa kawaida ni mdaiwa wa madai. Huyo hapelekwi baraza la ardhi pia, maana hamgombei kiwanja. Mwandikie barua ya madai, mpe siku za kurekebisha, kisha nenda Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Shughuli zote huendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kujieleza mwenyewe. Sheria ya Ukomo inakupa miaka 6 kwa madai ya mkataba, lakini paa linalovuja halipigwi picha baada ya miaka 6. Siku unayokwenda kufungua madai beba karatasi yenu, risiti, ujumbe wa malipo, picha za kabla na baada, na makadirio ya maandishi ya fundi mwingine yanayoonyesha kurekebisha kutagharimu kiasi gani. Mashahidi wako waarifu mapema, wajue tarehe.