Picha ya Darubini na Neno "Tu"



Wakati wa likizo tukiwa katika utume parokiani, mama mmoja wa jumuiya alitufuata baada ya sala akiwa na simu mkononi. Alikuwa amefiwa na mwanawe miezi michache kabla. Alituonyesha picha ya nguzo tatu kubwa za mawingu katikati ya nyota, chini yake pameandikwa "Mlango wa Mbinguni". Akauliza, "Frateli, huku ndiko aliko mwanangu?" Tukamjibu haraka, "Hapana mama, hiyo ni gesi na vumbi tu." Akazima simu, akashukuru, akaondoka. Jibu lile lilitusumbua, ndiyo maana tunaandika somo hili.

1. Picha inaonyesha nini?

Ni Nguzo za Uumbaji, sehemu ya Nebula ya Tai. Nebula ni wingu kubwa la gesi na vumbi katika anga za mbali. Darubini ya Hubble ilizipiga picha nguzo hizo mwaka 1995, na darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, ikazipiga tena mwaka 2022. Ziko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 6,500. Yaani nuru tunayoiona leo iliondoka huko yapata miaka 6,500 iliyopita. Ndani ya vumbi lile nyota mpya zinazaliwa.

2. Je, rangi zake ni za uongo?

Webb hupokea mionzi ya infraredi, ambayo jicho la mtu haliioni. Wanasayansi huipa rangi kwa utaratibu: mawimbi mafupi hupewa buluu, marefu hupewa nyekundu. Hiyo ni tafsiri, si uongo. Mkalimani hutuletea maneno ya lugha tusiyoijua, nasi tunamwamini akiwa mwaminifu kwa msemaji. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu chenyewe.

3. Kosa liko wapi?

Aliyeandika "Mlango wa Mbinguni" aliongeza kitu kisichomo katika picha. Lugha yetu nayo hurahisisha kosa hilo, kwa kuwa tunaita mbingu kule kwenye nyota na pia makao ya Mungu. Mbingu ya imani ni kuishi pamoja na Mungu. Hakuna darubini inayoweza kuipiga picha.

Lakini nasi tuliongeza neno: "tu". Darubini inaonyesha gesi na vumbi. Haisemi kwamba hakuna zaidi. Hilo "tu" ni falsafa, nasi tulilitamka bila kulipima, mbele ya mama mwenye msiba. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, hakutaka nadharia yake itumiwe kuthibitisha imani wala kuikana. Kila njia aliiachia kazi yake.

4. Tulirudi

Kabla ya likizo kwisha tulikwenda nyumbani kwake. Tukamweleza kwamba pale ni mahali nyota zinapozaliwa, na kwamba mwanawe tunamkabidhi kwa Mungu aliyeziumba nyota hizo. Akauliza, "Basi niifute?" Tukamwambia, "Usiifute, mama. Ondoa yale maandishi tu."

Maswali ya kutafakari

Ni wapi tunasema "tu" bila kuwa na hakika? Je, tunawajibu wafiwa kwa ukweli na kwa upendo pia?