Msaada wa Kanisa Uende Wapi?

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mdo 6:1-7, 11:19-30, Rum 15:25-31, 1 Kor 16:1-4, 2 Kor 8, Gal 6:10.

Fungu la kukariri: 2 Wakorintho 8:21. Likariri kutoka katika Biblia yako, kisha ulieleze darasani kwa maneno yako mwenyewe.

Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kwetu sisi wa Babati huo ulikuwa msiba wa jirani, kwa maana Katesh iko kwenye barabara yetu ya kwenda Singida. Misaada ilitoka sehemu nyingi za nchi.

Kuchanga wakati wa msiba si kugumu sana, maana machozi hufungua mifuko. Maswali magumu huja baadaye, kikaoni: nani apewe, kiasi gani, kwa mkono wa nani? Juma hili tutaona jinsi kanisa la kwanza lilivyoyajibu.

JUMAPILI: Antiokia Wapata Habari

Soma Mdo 11:27-30. Wanafunzi wa Antiokia walifanya nini waliposikia unabii wa Agabo?

Angalia mambo matatu. Kwanza, kila mmoja alitoa kadiri ya uwezo wake; hakuna aliyepangiwa kiwango cha tajiri. Pili, waliamua mapema, bila kungoja picha za watu waliokonda. Tatu, walipeleka msaada kwa wazee waliokuwa kule kule Uyahudi, watu wanaojua nyumba ipi haina unga.

Kumbuka pia kwamba wengi wa waumini wa Antiokia walikuwa Wayunani (Mdo 11:20, 21). Waliwachangia watu wa kabila lingine, walio mbali, ambao wengi wao hawakuwahi kuonana nao.

*Je, kanisa lenu hupanga fungu la misaada mwanzoni mwa mwaka, au hungoja msiba utokee?*

JUMATATU: Wajane Waliosahauliwa

Soma Mdo 6:1-7. Tatizo lilikuwa nini hasa?

Chakula kilikuwapo, na moyo wa kutoa ulikuwapo. Hata hivyo wajane wa Kiyunani walikuwa wakipitwa. Luka hasemi kwamba kulikuwa na mwizi. Utaratibu tu ulikuwa dhaifu, na wanaopitwa na utaratibu dhaifu ni wale wasio na mtu wa kuwasemea.

Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Walikubali kwamba kuna kasoro, wakaliambia kanisa lichague watu saba wenye sifa njema. Majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Inaelekea kanisa lilikabidhi kazi kwa watu wa upande ule uliokuwa umeumia.

Nasi tujichunguze. Mara nyingi anayesaidiwa ni yule anayefahamika kwa mzee wa kanisa, au anayejua kuandika barua. Bibi anayeishi peke yake nje ya mji, asiye na simu, hayumo kwenye orodha yoyote. Dorkasi wa Yafa (Mdo 9:36-39) aliwafahamu wajane wake kwa nyuso zao, na kila vazi lilikuwa na mwenyewe.

JUMANNE: Fedha na Mikono Mingi

Soma 1 Kor 16:3, 4 na 2 Kor 8:18-21. Kwa nini Paulo hakuibeba fedha peke yake?

Paulo alikuwa mtume, na wengi walimwamini. Hata hivyo alitaka makanisa yenyewe yachague wasindikizaji. Alijua kwamba uaminifu unapaswa kuonekana mbele za Mungu na mbele za watu pia. Anayekubali kuhesabiwa hapungukiwi heshima. Analilinda jina la Bwana.

Kwetu jambo hili lina sura yake. Baraza la kanisa hujadili na kuandika uamuzi katika muhtasari. Mhazini hutoa fedha kwa hati. Watu wawili, si mmoja, hupeleka msaada na kurudi na risiti. Kisha washiriki husomewa taarifa. Zaka haiguswi kwa kazi hii, na fedha iliyochangwa kwa ajili ya wahanga haihamishiwi kwenye mabati ya kanisa, hata kama mabati yanahitajika kweli.

JUMATANO: Jirani wa Mbali

Soma Rum 15:25-27. Paulo anasema waumini wa mataifa walikuwa na deni gani?

Mwaka 1903 wamishonari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walianza kazi Giti, katika milima ya Upare. Nauli yao haikulipwa na Wapare. Miaka michache kabla, mwaka 1890, sadaka za Shule ya Sabato za Marekani zilijenga meli ya Pitcairn ili injili ifike visiwa vya Pasifiki. Sisi tu matunda ya sadaka za watu ambao hawakuwahi kutuona.

Wala dunia haijagawanyika kama tunavyodhani. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kununua mbaazi kutoka nje, mkulima wa Babati alibaki na magunia yasiyo na bei. Yanayoamuliwa mbali hutufikia mezani. Basi huruma yetu nayo na ifike mbali.

Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, kupeleka gunia la nguo kutoka hapa kungegharimu nauli kubwa kuliko thamani ya nguo zenyewe. Ndiyo maana kanisa lina shirika la ADRA: fedha kidogo za wengi hununua mahitaji karibu na wenye shida.

ALHAMISI: Maombi Matatu

Tuseme mfuko wa misaada wa kanisa lenu una shilingi 1,200,000. Kituo cha watoto yatima cha dhehebu lingine kinaomba magodoro. Mjane, mshiriki wenu, ameezuliwa paa na upepo. Hakuandika barua, shemasi ndiye aliyeleta habari. Tena kuna wito wa kuwasaidia wahanga wa kimbunga nje ya nchi.

Mmoja anasema, "Tumalize ya kwetu kwanza," akitaja Gal 6:10. Soma fungu hilo kwa makini. Paulo anaanza na watu wote, kisha anatilia mkazo jamaa ya imani. Mkazo huo haufuti sehemu ya kwanza. Tena tukingoja ya kwetu yaishe, hatutatoka kamwe.

Mwingine anasema, "Tugawe sawasawa, 400,000 kila mmoja." Inaonekana haki, lakini paa lililoezekwa nusu bado linavuja. Usawa wa 2 Kor 8:13-15 hupimwa kwa uhitaji. Ulizeni: lipi haliwezi kungoja? Nani hana msaidizi mwingine? Je, kiasi hiki kitamaliza shida, au kitatupunguzia aibu tu? Na yule tunayemwambia "si safari hii", nani atakwenda kumweleza kwa upole?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma tena Rum 15:30, 31. Paulo aliomba waumini wamwombee ili msaada ukubaliwe na watakatifu. Kupokea nako kunahitaji neema, na mtoaji mwenye kiburi humwongezea maskini mzigo. Linganisha na Mt 6:1-4.

Maswali ya Kujadili:

1. Kama darasa, amueni kuhusu maombi matatu ya Alhamisi. Kila mmoja atoe sababu kutoka katika Maandiko.

2. Je, ni vyema kupiga picha wanaosaidiwa? Tunawezaje kutoa taarifa kwa watoaji bila kuwavunjia heshima wapokeaji?

3. Taarifa ya mwisho ya misaada ilisomwa lini kanisani kwenu? Mnaweza kufanya nini ili isomwe kila robo?

4. Kabla ya Sabato ijayo, tajeni mtu mmoja ambaye hayumo kwenye orodha yoyote ya msaada. Nani atamtembelea juma hili?