Homoni za Uzazi na Dawa za Kuchangamsha: Maelezo kwa Watu wa Nyumbani

Aghalabu mwanamke akizoea mirungi au kokeini husemwa kwao kuwa hana haya wala malezi, ilhali kaka yake aliyezoea vivyo hivyo husamehewa kwa kuambiwa ni ujana tu. Na hukumu hiyo, licha ya kuwa ni dhuluma, huchelewesha tiba, kwa maana sehemu kubwa ya yanayompata ina asili yake katika maumbile ya mwili.

Ubongo wa kila mwanadamu una kemikali iitwayo dopamini, ambayo humiminwa tupatapo jambo la kutufaa, kama chakula baada ya njaa, kisha hurudishwa katika chembe zilizoitoa, ili furaha ipoe na mtu ashike shughuli zake. Kokeini huziba njia ya kurudia. Amfetamini huigeuza njia hiyo ikawa ya kutokea. Na kathinoni, iliyomo katika mirungi mibichi, hutenda kama amfetamini, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Kathinoni huharibika jani likinyauka, na ndiyo sababu wachuuzi hufunga vitita vyao kwa majani ya mgomba na kuvikimbiza sokoni.

Amma homoni za uzazi, hizo nazo hufika ubongoni. Estrojeni hupanda baada ya hedhi mpaka yai lipevuke, na projesteroni hutawala nusu ya pili ya mwezi. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, Jill Becker na wenzake waliwatoa panya majike ovari, wakawapa estrojeni, wakaona dopamini ikimiminika zaidi panya wale walipopewa dawa ya kuchangamsha, na panya wenyewe wakijifunza upesi kujitafutia kokeini. Lakini walipoongezewa projesteroni, pupa ile ilipungua. Kwa binadamu mambo hayakuwa mbali na hayo: wanawake waliopimwa walieleza kwamba ladha ya dawa huzidi katika nusu ya kwanza ya mwezi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walipowapa watu projesteroni ya kumeza, raha ya kokeini ilififia kwa wanawake, wala haikufifia kwa wanaume.

Hii ni sababu mojawapo ya mwanamke kuvuka kutoka kuonja hadi uraibu kwa muda mfupi kuliko mwanamume. Basi msingoje mpaka aanze kuuza vyombo vya nyumba ndipo mtafute msaada. Naye mwenyewe na aandike katika daftari siku za hedhi yake na siku ambazo hamu humzidi, ili mshauri wake ajue wakati gani wa mwezi amkaribie zaidi.

Lipo jambo ambalo nawasihi akina mama wakwe, dada na waume walizingatie kwa dhati. Projesteroni, iliyopanda sana miezi ya mimba, huanguka ndani ya siku chache tangu kondo kutoka, na wanawake wengi walioacha dawa kwa ajili ya mtoto hurejea miezi michache baada ya kujifungua, wakiwa na usingizi haba na pengine huzuni nzito. Desturi yetu humtunza mzazi siku arobaini, akakandwa maji ya moto na kupikiwa uji wa pilipili manga, kisha jamaa hutawanyika kila mmoja kwake. Walakini kwa mzazi aliyewahi kuwa mraibu, haifai kutawanyika siku hiyo. Mmoja abaki, ampokee mtoto usiku, amsindikize kliniki.

Wala mtu asikimbilie duka la dawa kununua projesteroni, kwani haijakubaliwa kuwa tiba ya uraibu, na homoni zikitumiwa ovyo huleta madhara. Na akipatwa na maumivu ya kifua, kichwa kisichovumilika au degedege, apelekwe hospitali saa ile ile, na tabibu aambiwe bila kuficha ametumia nini, lini, na kama ana mimba au ananyonyesha.