SOMO LA MASHINI: KIFUNGO CHA KUNUNUA KISIPOJIBU



Juma lililopita mwanafunzi mumoja wa mwaka wa tatu alinifuata wakati wa mapumziko, telefone mukononi, macho chini. Jina lake sitaliandika. Yeye mwenyewe alinipa ruhusa ya kueleza habari yake bila jina.

Siku ya posho jioni alikuwa ameketi karibu na ziwa, pale rezo inashika vizuri kidogo, anacheza muchezo wenye kuuza almasi. Si almasi za Mbuji-Mayi. Ni almasi za picha tu, za kununulia nguo na silaha za yule mutu mwenye anakimbia ndani ya muchezo. Akafungua duka la muchezo, akachagua almasi za dola moja, akafinya kifungo cha kununua. Kimya. Akafinya tena. Kidirisha kikatokea kuomba namba ya siri ya feza za telefone, akaitia (namna gani aliijua namba ya mama yake, hiyo ni habari ingine, tutaizungumza sisi wawili), kidirisha kikafunga, kisha kimya tena. Hakuna almasi. Akafinya mara ya tatu, ya ine, ya tano. Kisha akachoka, akazima telefone, akaenda kulala.

Asubui ya siku ya Yenga mama yake, anayechuuza ndakala sokoni hapa Baraka, aliangalia mufuko wake wa telefone akakuta dola tatu zimetoka. Hizo dola tatu zilikuwa za kukamilisha minervale ya huyu huyu mutoto.

Mutoto aliniambia: «Mwalimu, kifungo kimekufa, lakini kimekula feza.» Maneno haya mawili hayawezi kukaa pamoja. Kama kimekufa, hakiwezi kula. Basi tukaketi chini ya muembe, tukaanza kutafuta.

Kwanza tuelewe kifungo ni nini. Kwa lugha yetu kifungo ni cha shati, tena ni cha gereza. Hiki cha telefone ni picha tu juu ya kioo. Ukikifinya, hakinunui kitu. Kinaandika barua na kuituma. Barua inatoka kwa telefone, inapita kwa antena, inakwenda mbali sana kwa mashini kubwa ya duka, yenye wanaita seva. Seva inaandika barua ingine kwa kampuni inayochunga feza za telefone: «Mutu fulani anataka kulipa dola moja.» Kampuni inauliza telefone ya mwenye feza: «Ni kweli? Tia namba ya siri.» Ukitia, kampuni inatoa feza na kujibu seva: «Imelipwa.» Ndipo seva inaambia muchezo: «Mupe almasi zake.» Hesabuni safari hizo zote. Kifungo ni mulango wa kwanza tu.

Tuseme umetuma mutu Uvira na barua ya kununua mufuko wa simenti. Amefika, amelipa, mufuko uko dukani unakungoja. Lakini mvua imekata barabara, jibu halikurudi. Wewe hapa Baraka unasema: «Barua ilipotea», unatuma mutu wa pili na feza zingine, kisha wa tatu. Barabara ikifunguka utakuwa na mifuko mitatu na mukono mutupu. Ndivyo yule mutoto alivyofanya, lakini kwa dakika tano tu.

Basi nilimuuliza swali moja: «Ulifinya mara ngapi, na namba ya siri iliombwa mara ngapi?» Akafikiri sana. Alifinya mara tano. Namba iliombwa mara tatu. Munaona? Hesabu imetoka yenyewe. Barua mbili zilikufa njiani mbele ya kufika kwa kampuni ya feza. Hizo hazikula kitu. Barua tatu zilifika, zikalipwa, na jibu ndilo lilishindwa kurudi mpaka kwa muchezo. Hatukuhitaji fundi wala mashini ya bei kubwa. Tulihitaji kukumbuka vizuri kile tulichoona.

Hii ndiyo kazi yote ya kutafuta ubaya wa mashini: kujua barua ilisimama wapi. Sasa nieleze pahali inapopenda kusimama kwetu huku.

Pengine haikutoka kabisa. Kifungo kina rangi hafifu, unafinya na hakicheki hata kidogo. Mara nyingi programu yenyewe imekifunga: hukuchagua kitu, au programu ni ya zamani na duka halimukubali tena. Kama duka ni ukurasa wa intaneti, kuna ubaya mwingine. Kurasa hizo zinatumika kwa lugha ya mashini inayoitwa JavaScript. Brendan Eich aliitunga kwa siku kumi tu, mwezi wa 5 mwaka wa 1995, alipokuwa akitumika kwa kampuni ya Netscape. Kosa moja katika maandishi yake linaweza kusimamisha yanayofuata. Kifungo kinachorwa vizuri, lakini hakuna aliyekifunga na kazi yake. Ni kama ile jante ya gari tunayopigia kengele: inaning'inia pale, kila mutu anaiona, lakini chuma cha kupigia mutu amekibeba. Namna ya kujua ni kujaribu kwa telefone ingine. Kikikataa kwa telefone zote, ubaya uko dukani, wewe ungoja. Kikikubali kwa jirani na kukataa kwako, ubaya uko kwako: funga programu na kuifungua upya, futa vile vitu vya zamani ilivyojiwekea, ongeza toleo jipya kama mega zinatosha.

Lakini mufanye badiliko moja kwa wakati. Nimeona wanafunzi wanazima telefone, wanatoa kadi, wanafuta programu, wanabadili tarehe, vyote kwa mara moja. Kikipona hawajui dawa ilikuwa gani, na kikiharibika zaidi hawajui sumu ilikuwa gani.

Nimetaja tarehe. Hiyo inashangaza watu wengi. Hapa wengi wetu tunatia moto telefone kwa plaki za jua, na batri zetu ni za kuchoka. Telefone ingine ikikaa bila moto kabisa inasahau siku, inaamka na kusema ni mwaka wa 1970. Haijalewa: mashini nyingi zinahesabu wakati kuanzia tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka wa 1970, basi isipojua kitu inarudi kwa mwanzo wa hesabu. Sasa duka la kweli linaonyesha cheti chake kwa telefone, ili ijue si duka la wezi. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Telefone yenye iko katika mwaka wa 1970 inaona cheti cha leo kama kitu ambacho hakijazaliwa, inakataa kuzungumza na duka. Kifungo kinanyamaza. Tia tarehe ya kweli, kinasema. Saa moja inayotutenga na Kinshasa haina neno kwa cheti. Ni siku na miaka ndiyo inaleta mateso.

Juu ya rezo sitasema mengi, munaijua kuliko mimi. Musidanganywe tu na ukurasa uliofunguliwa zamani, ungali unaonekana hata mega zikiisha. Fungueni kitu kipya ambacho hamujakiona, ndipo mutajua.

Kuna ubaya wa inchi na wa aina ya feza, na hapa wengi wa Fizi wanaangukia. Mutoto alifunguliwa akaunti alipokuwa na jamaa yake katika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Amerudi, lakini akaunti yake ingali inasema Tanzania. Au kaka wa Marekani alituma telefone pamoja na akaunti yake. Duka linaangalia inchi ya akaunti, linaonyesha njia za kulipa za inchi ile, na feza zako za hapa hazimo. Kwa duka la Google Play, mutu anaweza kubadili inchi mara moja tu kwa mwaka, basi musichezee jambo hilo. Wala jina moja lisiwadanganye. M-Pesa ilianza Kenya mwaka wa 2007 kwa Safaricom; hapa Kongo Vodacom iliianza mwaka wa 2012. Mwaka wa 2018 Google Play ilianza kupokea M-Pesa ya Kenya. Hiyo haifanyi kwamba ya Kongo inapita mulango ule ule, sababu kila inchi ina mapatano yake. Tena kwetu mufuko wa telefone una sehemu mbili, ya dola na ya franka. Unaweza kuwa na franka nyingi, duka linaomba dola, na dola hakuna. Mutu anafinya na kulaani rezo bure. Aende kwa kabini abadilishe, au achague sehemu nyingine kama duka linaruhusu.

Sasa turudi kwa ubaya wa yule mutoto, ule wa jibu kupotea. Ndio mubaya kuliko yote, sababu unafanana na kifungo kilichokufa na kumbe feza zimekwisha kwenda. Ukisha kutia namba ya siri mara moja, ondoa kidole. Angalia mesaji za kampuni ya feza. Angalia salio. Ndani ya duka tafuta pahali pa komande zako, pengine wameandika «inangoja». Kama inangoja, na wewe ngoja. Mesaji ikikosa na salio halikupungua, hapo tu unaweza kufinya tena.

Mimi ninaona kosa si la mutoto peke yake. Yule aliyetengeneza duka alipashwa kujua kwamba rezo inakatika. Fundi muzuri anafanya mambo mawili. Kifungo kikisha finywa mara moja, anakizimisha na kuandika «ngoja». Tena anapatia kila komande namba yake moja, ili barua ile ile ikifika mara tano seva iseme: «Hii nimekwisha kuipokea», na kutoza mara moja tu. Ninyi wa mwaka wa tano na wa sita munaosoma mambo ya mashini, siku moja mutaandika programu za watu wa hapa. Mukumbuke mama wa ndakala.

Na musifikiri ni sisi tu tunateswa na vifungo. Mwezi wa 12 mwaka wa 2022, tume ya serikali ya Marekani inayochunga biashara ilitangaza mapatano ya dola milioni 245 na kampuni Epic Games, yenye muchezo Fortnite. Tume ilisema vifungo vya muchezo vilipangwa kwa namna ya kupoteza watu: mutu aliweza kutozwa kwa kufinya tu ili kuamsha muchezo uliolala, au kwa kugusa kifungo cha jirani alipotaka kutazama kitu. Watoto walinunua bila wazazi kukubali. Feza hizo zilikuwa za kuregeshewa wanunuzi. Mbele yake, mwaka wa 2014, Apple ilikubali kuregesha dola milioni 32 na nusu au zaidi kwa ununuzi wa watoto bila ruhusa ya wazazi. Kwa hiyo kifungo kinaweza kuharibika kwa kukataa, tena kinaweza kuharibika kwa kukubali upesi mno.

Tuliandikia duka barua. Tulitia tarehe, saa (na tuliandika kwamba ni saa ya mashariki ya Kongo, sababu hapo ile saa moja ya Kinshasa ingevuruga hesabu), jina la akaunti, na namba tatu zilizokuwa katika mesaji za kampuni ya feza. Hatukutia matukano, ingawa mutoto alikuwa nayo tayari. Namba ya siri haikutiwa, wala haitiwi kamwe. Mutu yeyote anayeiomba ili akusaidie, ukimbie. Siku ya pili yake mutu mumoja alijitolea kwa mesaji kusaidia «kufungua feza», akaomba namba ile. Mutoto alinionyesha, tukaifuta pamoja.

Siku ya ine dola mbili zilirudi. Ya tatu iligeuka almasi, kama alivyotaka mwanzo. Mama alichukua zile mbili, na ile moja alisema mutoto ataitumikia kwa kuanika ndakala posho mbili. Almasi ameacha azishike. Namba ya siri amebadilisha.

Zoezi. Mutu wa kwanza, huko Fizi, anafinya kifungo mara moja. Namba ya siri inaombwa, anaitia, mesaji inasema feza zimetoka, almasi hazionekani. Mutu wa pili anafinya, kifungo hakibadiliki hata rangi, mesaji hakuna, lakini akijaribu akaunti ile ile kwa telefone ya jirani kinajibu. Mutu wa tatu anafinya, kidirisha cha namba ya siri kinakuja, anaitia, kisha mesaji inasema salio halitoshi, na kumbe ana franka elfu makumi tano. Kwa kila mumoja, barua ilisimama wapi, na afanye nini kwanza? Majibu mulete kwa karatasi mbele ya siku ya tano, muweke kwa meza ya walimu, na muandike kalasi yenu juu.